Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kuripoti matukio ICU

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Mbeya na Tukuyu. Mimi ni nesi, nimekaa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) za huku nyanda za juu miaka kadhaa, na kila wakija inteni wapya au wanafunzi wa fildi naulizwa yale yale, halafu nikitoka nje kwenye mabenchi ndugu wa wagonjwa nao wana ya kwao. Nimeyakusanya hapa. Hospitali siitaji jina, mambo haya yapo kila mahali. Maswali nimeyapa namba maana kuna sehemu nitakurudisha nyuma badala ya kurudia.

## Mwanzo kabisa

1. Tukio la usalama ni lipi? Mpaka mgonjwa afe?

Hapana jamani, hapo ndo wengi wanapotea. Tukio ni jambo lolote kwenye huduma ambalo halikutakiwa kutokea na limemdhuru mgonjwa au lingeweza kumdhuru. Dozi imerudiwa, tyubu (mpira wa kupumulia wa kooni) imechomoka, monita imezimwa sauti na hajulikani nani kaizima, damu ya kitanda cha 2 imetundikwa kitanda cha 4 ikashtukiwa kabla haijafunguliwa.

Hilo la mwisho sisi tunaliita nusura. Na ukiniuliza mimi, nusura ndo ripoti tamu kuliko zote, maana hamna msiba, hamna anayelia, watu wanaongea ukweli bila kutokwa jasho, na somo mnalopata ni lile lile mngelipata baada ya kuzika.

Vidonda vya kulalia vikianzia kwenu ni tukio. Mtungi wa oksijeni kuisha mgonjwa akiwa kwenye mashine ni tukio, hata kama mmebadilisha ndani ya dakika moja.

2. Kwanini mnasisitiza ICU kuliko wodi za kawaida?

Kwa sababu mgonjwa wa wodini anajilinda mwenyewe kidogo. Ukimletea kidonge siyo chake atakuuliza, "sista, mbona cha leo chekundu?" Wa ICU kalala na mpira kooni, hana cha kukuuliza. Na ana mipira mingi: kooni, puani, shingoni, ya mkojo, kila mmoja ni mlango wa kosa.

Kuna utafiti ulichapishwa 2006, ICU 205 za nchi mbalimbali, waliangalia masaa 24 tu. Wagonjwa 1,913, matukio 584. Siku moja hiyo! Yaliyoongoza ni mipira na laini za mishipani kuchomoka au kuingiliana, halafu dawa, halafu vifaa kugoma. Wengi wa hizo ni ICU zenye watu na mashine kuliko sisi, kwa hiyo incharge, yaani nesi msimamizi wa wodi, akikwambia "kwetu mwezi huu hatuna tukio hata moja" jua kwao hawaandiki.

3. Si tayari tunaandika kwenye faili? Fomu ya nini tena?

Faili ni la mgonjwa, fomu ni ya hospitali. Kwenye faili unaandika kilichompata na ulichomfanyia, hiyo haikwepeki. Ila faili likifungwa linaenda rekodi linalala. Hamna mtu atakayefukua mafaili mia mbili kugundua kwamba pampu ya sindano ile yenye plasta pembeni imegoma mara nne, kila mara mikononi mwa nesi tofauti, na kila nesi anadhani mkosi ni wake. Fomu zikikaa pamoja hilo linaonekana kwa wiki moja.

## Kujaza fomu

4. Namwambia nani, na saa ngapi?

Mgonjwa kwanza, fomu baadaye, isije ikawa mtu anatafuta kalamu huku saturesheni (kiwango cha oksijeni kwenye damu) inashuka. Akishatulia unamwambia daktari wa zamu na incharge kwa mdomo, halafu unaandika kabla hujatoka zamu. Ukisema utaandika kesho utaandika hadithi, maana usiku ule utaupanga upya kichwani ukiwa kwenye bajaji unarudi nyumbani.

Kutoka kwa incharge inaenda kwenye timu ya wodi ya kuboresha kazi, zile WIT, halafu QIT, timu ya ubora ya hospitali nzima, na zito linafika kwa mganga mfawidhi siku hiyo hiyo. Timu hizi wengi wanadhani ni za kupaka rangi mistari sakafuni na kubandika lebo kwenye makabati. Zilikuja na 5S, ule utaratibu wa hatua tano wa kupanga sehemu ya kazi, na kwa taarifa yako Tanzania hii 5S ilianzia hapa hapa Mbeya, hospitali ya rufaa, 2007. Sasambua, seti, safisha, zote tumezishika vizuri, makabati yanang'aa. Kupokea ripoti ndo bado.

Kama kwenu hamna fomu, chukua kaunta buku. Kweli kabisa. Nimefanya kazi sehemu daftari la mistari lilifungwa kwa kamba kwenye meza ya manesi na lilifanya kazi kuliko fomu zenye nembo.

5. Naandika nini? Mimi siyo mwandishi.

Andika ulichoona, sio unachofikiri kuhusu mtu. Hii hapa ni mbovu: "Nesi wa zamu alizembea mgonjwa akajitoa tyubu." Ukiisoma umejifunza nini? Kwamba kuna nesi mbaya, basi.

Hii ni nzuri: "03:40, kitanda cha 3, mgonjwa alijitoa tyubu. Dawa ya usingizi ilipunguzwa saa 02:00 kwa oda ya daktari. Nesi alikuwa kitanda cha 1 anasiksheni (anamvuta mgonjwa makohozi). Manesi wawili, wagonjwa sita. Alamu ya ventileta (mashine ya kupumulia) ililia ikasikika. Alipewa oksijeni kwa ambu (mfuko wa kubana kwa mkono), saturesheni ilishuka mpaka 71, tyubu ikarudishwa 03:52." Angalia hiyo, haina jina la mtu wala neno uzembe, lakini meneja anayejua kusoma anaona vitu viwili: usingizi unapunguzwa saa ambayo watu ni wachache, na wawili kwa sita.

6. Mbona hapo juu umeandika 03:40 badala ya saa tisa na dakika arobaini usiku?

Hili nalisema kwa uchungu maana lilinipata mimi. Daktari wa usiku alimwandikia mgonjwa gentamisini, antibayotiki ya sindano, mara moja kwa siku, pembeni akaweka "8". Nane tu, hamna kingine. Nesi wa usiku ni Mswahili kama mimi, nane ni saa nane, akaichoma saa nane usiku na kuweka tiki kwenye karatasi yake ya uangalizi. Mimi nikaingia asubuhi, naona "8" kwenye chati ya dawa, chati ipo wazi haina tiki, na saa ya ukutani inasema nane ya Kizungu, nikavuta dawa nikachoma. Masaa sita kati ya dozi na dozi, badala ya 24. Na gentamisini wote tunajua inavyochezea figo.

Niligundua saa nne wakati napanga karatasi. Miguu iliisha nguvu. Nilimwambia daktari, tukasimamisha dozi inayofuata, tukafuatilia figo kila siku, kreatinini (kipimo cha figo) ilipanda halafu ikashuka, namshukuru Mungu. Fomu niliijaza mwenyewe kwa mkono wangu. Incharge wa pale, mama mmoja mtu mzima, hakunigombeza, alichukua chati mbili akaziweka mezani akasema "hebu nionyesheni saa hapa". Kila mmoja akasoma yake. Wiki mbili baadaye chati za dawa zilichapishwa upya zina safu za 00:00 mpaka 23:00 na tiki inawekwa hapo hapo, sio karatasi nyingine.

Sisi tunaotumia saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kizungu, hatari hii tunazaliwa nayo. Andika kwa masaa 24, na wakati wa kukabidhiana zamu taja "saa nane usiku" kwa mdomo huku kidole kiko kwenye 02:00.

7. Niweke jina langu au nisiweke?

Ukiweka inasaidia, mtu atakurudia akuulize na atakupa jibu. Ukiogopa usiweke, fomu isiyo na jina ni bora kuliko ukimya. Ila ICU ya vitanda sita tusidanganyane, mwandiko wako unajulikana.

Jina la mgonjwa tumia namba ya faili tu.

## Uoga

8. Nikiripoti kosa langu nitafukuzwa?

Sitakuahidi kitu ambacho siwezi kukulindia, maana kuna viongozi waelewa na kuna wengine hasira zinatangulia. Ninachoweza kukwambia ni namna jambo linavyotakiwa kupimwa. Kuna kuteleza, kama mimi kwenye swali la 6, hapo unatengenezwa mfumo. Kuna njia ya mkato ambayo wodi nzima inaipita kwa sababu njia ndefu haiwezekani, hapo mnaulizana kwanini ndefu haiwezekani. Na kuna mtu anajua kabisa anafanya hatari na anaendelea, au kaja amelewa, huyo ni wa nidhamu na hata baraza lake la taaluma. Shida inakuja wa kwanza akihukumiwa kama wa tatu.

Marubani walilitatua mapema. Marekani tangu 1976 rubani akikosea anapeleka ripoti NASA, sio kwa mamlaka inayotoa adhabu, na jina linafutwa kabla ya kusambazwa. Kwetu mpokea ripoti na mwenye fimbo mara nyingi ni mtu mmoja, basi usishangae watu wakikaa kimya.

Uzoefu wangu: lililosemwa na mwenyewe asubuhi linasameheka, lililofichwa likafukuliwa na ndugu wa mgonjwa halisameheki.

9. Nikimripoti mwenzangu si nitaitwa mnoko?

Utaitwa kama fomu yako ni ya kumchoma. Mwambie kwanza, "dada, lile la jana tuliandike", halafu muandike pamoja. Na rudi swali la 5, fomu nzuri haina jina la mtu.

10. Bosi kaniambia nisiandike.

Muulize kwa heshima, "dokta, nisaidie nielewe, nisiandike kwenye faili au kwenye fomu?" Maana kwenye faili huna hiari, na yeye anajua. Wengi wakisikia swali hilo wanalegea. Akikaza kwenye fomu, nenda kwa metroni au mtu wa QIT. Kufuta au kubadilisha kilichokwisha andikwa kwenye faili usikubali hata akikuletea soda, siku ya kesi sahihi itakuwa yako sio yake.

11. Mimi ni inteni, au mwanafunzi wa fildi.

Ripoti. Macho yako ndo mapya, sisi wengine tumeshazoea kuruka waya uliolala njiani.

## Baada ya kuripoti

12. Nimejaza fomu tatu, sijawahi kusikia chochote. Nijaze ya nne kwa faida gani?

Swali hili ndo sababu ya mimi kuandika haya yote. Watu wanasema manesi hawaripoti kwa sababu ya uoga. Uoga upo, ila mimi nimeona wengi wasioogopa kitu wakiacha kuripoti kwa sababu fomu ilikwenda kama jiwe kwenye Ziwa Ngosi. Mtu akiandika saa kumi alfajiri amechoka, miguu imevimba, halafu kimya miezi mitatu, hataandika tena, na wewe kiongozi utakaa unasema wodi yako ni salama.

Jibu halihitaji bajeti. Tulikuwa na nusura moja ya ampuli: potasiamu kloraidi na maji ya kuchanganyia dawa, zote za plastiki, zote mililita 10, zimelala trei moja, maandishi madogo ya rangi zinazofanana kwenye taa ya usiku. Potasiamu ile ukiisukuma moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama. Dada aliyeshika aliisoma mara ya pili akaandika fomu. Kesho yake ampuli zote za potasiamu zilitolewa kwenye troli zikafungiwa kabatini, na kwenye kikao cha asubuhi incharge akasema "hii ni kwa sababu ya fomu ya jana usiku". Sentensi moja hiyo! Mwezi ule fomu zilijaa. Na wala sio uvumbuzi, Shirika la Afya Duniani toka 2007 linasema potasiamu kali isikae hovyo wodini, ila ilikaa mpaka mtu alipoandika.

Kwa hiyo wewe uliyeandika tatu: usiandike ya nne kwanza, nenda kaulize ya kwanza imefikia wapi, kwa jina la mtu wa QIT, uso kwa uso. Na kiongozi unayesoma, hata kama jibu ni "hela hamna, tumeomba", libandike ukutani.

13. Ndugu waambiwe?

Ndiyo, na daktari, mapema, mmekaa chini, sio kwenye korido. Mseme nini kimetokea, mnafanya nini sasa hivi, na kwamba mnasikitika. Msibahatishe sababu mkiwa bado hamjaijua. Huku kwetu mara nyingi kuna baba mkubwa au mjomba ndo msemaji wa ukoo, muulizeni mgonjwa kama anaweza kuongea, au mke au mume, nani akae kwenye maongezi, la sivyo mtarudia maelezo mara tano na kila mmoja atasikia toleo lake.

## Mambo ya huku kwetu

14. Umeme umekatika, jenereta likachelewa, hamna aliyeumia. Niripoti TANESCO au hospitali?

Hospitali. Watu wanajidanganya kwa sababu ventileta ina betri na inaendelea kupuliza. Kama oksijeni yenu inatoka kwenye konsentreta, ile mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, yenyewe imezimika, kwa hiyo mashine inapuliza hewa tu hii ya kawaida, oksijeni 21%, na mgonjwa alikuwa anahitaji 60. Andika dakika ngapi mlikaa, mtungi wa akiba ulikuwa wapi, spana ya kuufungulia ilikuwa wapi. Spana! Mara ngapi mtungi upo, spana iko mfukoni kwa fundi aliyeenda kwao Uyole.

15. Julai monita inasoma saturesheni 78 mgonjwa yuko sawa. Hilo nalo tukio?

Kusoma vibaya kwa vidole vya baridi siyo tukio, ni Julai ya Makete. Pasha mkono, hamishia kwenye sikio, angalia mgonjwa. Tukio ni pale mtu alipochoka na kelele akazima alamu, halafu saa moja baadaye ikashuka kweli.

16. Ndugu kamwagia uji kwenye mpira wa puani mgonjwa kalala chali. Kosa ni la ndugu, tunaandika?

Mnaandika. Mama katoka Ileje na chupa ya uji wa ulezi, anaona mwanae siku ya nne hajala, nani alimweleza kwamba kichwa lazima kiinuliwe na mpira uhakikiwe kwanza? Uji ukiingia kwenye mapafu ni nimonia. Sehemu moja baada ya fomu mbili za namna hii waliweka utaratibu: chakula cha nyumbani kinapokelewa na nesi mlangoni. Hakuna aliyemtukana mama wa watu.

17. Oksijeni imeisha kwenye ambulensi kabla hawajafika kwetu. Nani aripoti?

Wote wawili. Wewe unaandika hali uliyompokea nayo na mtungi ulisoma ngapi, wao wanaandika safari. Msiwapigie kuwasuta, watapunguza kuwapigia simu kabla ya rufaa inayofuata na mtaumia nyie.

Hesabu ni rahisi: mtungi mdogo wa lita 680 ukijaa, kwa lita 10 kwa dakika, unakupa dakika 68. Toka Kyela kuja Mbeya unaisha hata Uyole hujaiona. Mkubwa wa lita 6,800 kwa mwendo huo huo ni masaa kumi na moja na kitu. Gauji ikiwa nusu, gawa kwa mbili.

## Yenye utata

18. Dawa imemletea madhara, au kifaa kibovu. Fomu ile ile?

Ile ile, na nyingine ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Madhara ya dawa kuna ile fomu ya njano, na kifaa tiba nacho wanapokea, wana ofisi ya kanda Mbeya. Usitupe ushahidi: chupa, boksi lenye namba ya bachi, pampu yenyewe na sirinji ikiwa bado ndani. Bandika karatasi "usitumie" na ikae mbali na stoo, maana fundi mwema ataitengeneza kabla haijaangaliwa.

19. Nimejichoma na sindano ya mgonjwa.

Osha kwa maji na sabuni, usikamue, kimbilia dawa za kinga ya VVU sasa hivi, mwisho ni masaa 72 na kila saa ina maana. Fomu jaza baadaye, ila jaza.

20. Nimepiga picha ya kosa nikaweka kwenye grupu la WhatsApp ili wenzangu wajifunze.

Ifute. Kitanda, sura, hata mkono wenye lebo vinatosha kumtambulisha mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 taarifa za afya inazihesabu nyeti. Grupu lina watu 180, hujui nani ni shemeji wa nani.

21. Mimi sio mhudumu, ni ndugu. Nimeona kitu. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa sana. Anza na nesi aliye kitandani muda ule ule, kwa upole, "sista, hii dripu naona imesimama toka saa tisa". Huo tu umeshamsaidia mgonjwa wako. Kama haikusikilizwa muulizie incharge wa wodi, halafu ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la malalamiko, karibu kila hospitali kubwa ina mojawapo. Andika tarehe, saa, kitanda na ulichoona kwa macho yako. Na kama ni saa, sema ni ya mchana au ya usiku.